Haya majina yetu yanaenda wapi? Historia fupi ya mlango uliobaki wazi



Mimi ni mtu wa jembe. Nilisoma agronomi, memwari yangu niliiandika juu ya viazi vya milimani, na nilidhani nikiandika hapa nitaandika juu ya udongo na mbegu tu. Leo naandika historia ya programu za kompyuta. Msishangae, mbegu zitakuja pia. Naandika juu ya swali moja niliulizwa kule kwetu Bijombo, nikalijibu vibaya, na tangu siku ile linanifuata.

Ilikuwa mwaka 2021. ONG moja, jina lake nitaliacha, ilitafuta vijana wanaojua njia za juu, wenye miguu ya kupanda kutoka Uvira hadi Hauts-Plateaux bila kulalamika. Walitupa tablete na foromu. Tuliandika jina la mwenye nyumba, namba ya simu kama anayo, watu wangapi wanalala pale, ng'ombe wangapi wamebaki, shamba liko upande gani, walikimbia kutoka kijiji gani, na sasa wanalala wapi. Jioni tulipanda kwenye kile kilima kinachokamata rezo, tunainua tablete juu kama watu wanaoomba mvua, na orodha inaondoka.

Wanaojua Bijombo wanajua orodha ya namna hiyo ni kitu gani. Wanyamulenge, Wafuliiru, Wanyindu, Wavira, Wabembe, hakuna upande ambao haujazika watu, haujachomewa nyumba au haujaibiwa ng'ombe. Karatasi inayosema nani analala wapi na ana ng'ombe wangapi, ikiwa kwa mwenye kuleta chakula ni msaada. Ikiwa kwa mwingine, ni ramani ya kuvamia.

Mama mmoja, mtu mzima, alinitazama nikigusa-gusa kioo, akaniuliza: "Mwanangu, hii majina yetu unaandika, inafikaka wapi?"

Nikamjibu haraka, kama mtu aliyesoma: "Inaenda kwenye serva, mama. Iko salama."

Serva yenyewe sikujua iko nchi gani. Miezi michache baadaye tuliitwa kwenye mkutano mdogo kule Uvira. Tukaambiwa kwamba mashine iliyobeba orodha zetu iliingiliwa na watu wasiojulikana, lakini tusiwe na wasiwasi, nenosiri zimebadilishwa. Mtu akauliza kama tutapanda kuwaambia wenye majina. Jibu lilikuwa kwamba hilo litafanyika "kwa wakati wake". Wakati wake haukufika. Na mimi, juu nilikuwa nahitaji kazi, nilisaini mkataba wa awamu ya pili.

Ndiyo sababu nilianza kusoma. Nilitaka kuelewa namna gani mtu aliye mbali, asiye na ufunguo, asiye na nenosiri, anaweza kuiambia mashine ya mwingine "fanya hivi" na mashine ikatii. Nilichokikuta ni historia, tena sehemu yake moja imepita karibu na kwetu kuliko nilivyodhani.

Mkalimani wa sokoni

Tuanze na mashine yenyewe. Soko la Uvira mnalijua. Mmoja anasema Kifuliiru, mwingine Kibembe, mwingine Kirundi, mwingine ametoka Kigoma na Kiswahili chake cha ng'ambo. Bila mtu wa katikati anayesikia huku na kupeleka kule, biashara inakwama.

Hospitali kubwa iko vilevile. Mapokezi wana programu yao, labo wana yao, famasi yao, wenye kuhesabu pesa yao. Kila moja ina lugha yake. Ndiyo maana kuna programu-unganishi, programu isiyotibu mtu wala kupima damu, ila inapokea ujumbe kutoka huku, inautafsiri, inaupeleka kule. Lugha moja kubwa ya ujumbe wa hospitali inaitwa HL7, ilianza 1987. Mkalimani mmoja mashuhuri wa lugha hiyo ni Mirth Connect, programu iliyozaliwa mwaka 2006, ambayo kwa miaka mingi kodi yake ilikuwa wazi na kila mtu aliweza kuitumia bila kulipa.

Msidhani ni mambo ya Marekani tu. Jirani zetu wa Rwanda walikuwa kati ya wa kwanza Afrika kujenga mtandao wa kuunganisha taarifa za afya za nchi. Mwaka 2012 waliujaribu katika wilaya ya Rwamagana, kwa ajili ya akina mama wajawazito: mama akipimwa kwenye kituo kimoja, taarifa yake iweze kuonekana kwenye kingine. Katikati waliweka mkalimani, na kutokana na kazi ile ikazaliwa OpenHIM, programu-unganishi ambayo leo inatumika katika nchi nyingine pia. Na kwetu Kongo, takwimu za zone za afya zinapanda hadi Kinshasa kupitia DHIS2, mfumo uliojengwa na watu wa Chuo Kikuu cha Oslo pamoja na wenzao wa nchi nyingi. Kwa hiyo daftari za afya za sehemu hizi zimekwisha kuingia ndani ya mashine, na mashine zimeanza kuongea zenyewe kwa zenyewe.

Sasa fikiria mkalimani wa sokoni anayebeba kila kitu. Anajua bei zako, madeni yako, na wapi unaweka pesa. Ukimteka yeye, huna haja ya kuvunja nyumba ishirini.

Sahani ya 512, uji wa 536

Kosa lenyewe ni la zamani. Wataalamu wanaliita utekelezaji wa kodi kutoka mbali. Kwa Kiswahili cha kawaida: mashine inapokea kitu ambacho inapaswa kukisoma tu, lakini badala ya kukisoma, inakitii.

Tarehe 2 Novemba 1988, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, Robert Tappan Morris, aliachia programu ndogo kwenye intaneti ya wakati ule. Njia mojawapo aliyotumia ilikuwa programu iitwayo fingerd, ambayo kazi yake ilikuwa kujibu swali jepesi: fulani ni nani kwenye mashine hii? Fingerd ilikuwa imeandaa sahani ya baiti 512 kwa ajili ya swali. Morris akamimina baiti 536. Uji uliomwagika nje ya sahani ulianguka mahali ambapo mashine inaangalia ili ijue ifanye nini baadaye, na mashine ikafanya. Makadirio ya wakati ule yalisema kompyuta kama 6,000 ziliguswa, kati ya karibu 60,000 zilizokuwa zimeunganishwa. Mwaka 1990 mahakama ilimpa miaka mitatu ya kuchungwa bila kifungo, saa 400 za kazi za jamii, na faini ya dola 10,050.

Baada ya hapo watu walijifunza kupima sahani. Lakini kosa lilibadilisha nguo tu, na nguo yake mpya ndiyo inanigusa mimi kama mtu wa kilimo, juu inafanana na mbegu.

Kupanda bila kujua unapanda nini

Ndani ya programu kuna vitu hai: mgonjwa, kipimo, shamba, mkulima. Vinaishi ndani ya kumbukumbu ya mashine. Ukitaka kukituma kitu kama hicho kwenye mashine nyingine, huwezi kukibeba kikiwa hai, kama vile huwezi kubeba mti wa muhogo mzima na mizizi yake kutoka Sange hadi Fizi. Unakata kipande cha mti, unafunga, unapeleka. Anayepokea anakipanda, na kitu kinaota upya kwake.

Lugha ya Java, tangu 1997, ilikuja na namna yake ya kukata na kupanda hivyo. Baadaye, kuanzia mwaka 2004 hivi, likaja kopo la zana liitwalo XStream, lililofanya kazi hiyo kuwa nyepesi sana: linageuza kitu chochote cha Java kuwa maandishi ya XML, na maandishi ya XML kuwa kitu tena. Waandishi wa programu walilipenda. Mistari miwili tu na kazi imekwisha.

Hapo kwenye neno "chochote" ndipo kidonda kilipo. Maandishi yanayoingia ndiyo yanayosema ni kitu gani kipandwe. Mpokeaji alingoja mgonjwa, maandishi yanasema "panda hiki kingine", naye anapanda kwanza, anauliza baadaye. Sisi wa bonde la Ruzizi tunaijua hadithi hiyo. Mozaiki kali ya muhogo iliyoanzia Uganda ilisambaa ikafika hadi kwetu, na moja ya njia zake ilikuwa vipande vya miti ambavyo watu walibebeana kwa upendo, ndugu kwa ndugu. Kipande unakiona kizuri, kina macho yake. Ugonjwa uko ndani. Ukija kuuona kwenye majani, shamba limekwisha.

Mtaniuliza: huyo anayetuma maandishi, kodi yake mbaya anaitoa wapi, kama anatuma maelezo tu? Jibu lilinishangaza. Hatumi silaha yake. Anatumia vitu vilivyo tayari ndani ya nyumba yako. Kila nyumba ina panga la kukata kuni, petroli ya taa, kiberiti cha jikoni. Kila kimoja kina kazi yake nzuri. Lakini mtu akiandika barua ya kusema "mwaga kile pale, washa hiki, juu yake", na mtumishi wako akawa anatekeleza kila barua inayofika, nyumba inaungua bila mgeni kuvuka kizingiti. Januari 2015, Chris Frohoff na Gabriel Lawrence walisimama mbele ya mkutano wa wataalamu huko California wakaonyesha jinsi ya kupanga minyororo kama hiyo kwenye Java kwa kutumia vipande vya kawaida vinavyokutwa katika programu nyingi. Kuanzia mwaka ule hakuna aliyeweza kusema hakujua.

Na kwa XStream onyo lilikuja mapema zaidi. Udhaifu wake ulipewa namba CVE-2013-7285, namba ya mwaka 2013. Mwaka 2014, toleo 1.4.7 likaleta zana za kujilinda: mwandishi wa programu aliweza sasa kuandika orodha ya vitu anavyokubali vipandwe. Lakini zana ile ilikuwa kama neti ya mbu iliyoletwa nyumbani ikaachwa ndani ya mfuko. Ilibidi mtu aitundike mwenyewe, na wengi hawakuitundika.

Kutoka Eldoret

Hapa historia inaingia Afrika Mashariki.

Februari 2001, kwenye kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret nchini Kenya, watu wa Chuo Kikuu cha Moi pamoja na wenzao wa Indiana walianzisha mfumo wa kuandika wagonjwa kwa kompyuta katika kituo cha mashambani. Ulikuwa mfumo mdogo. Kisha UKIMWI ukaleta wagonjwa kwa maelfu, na mfumo mdogo ukashindwa. Kutokana na haja hiyo ikazaliwa, mwaka 2004, OpenMRS: programu ya rekodi za wagonjwa, kodi wazi, bure, iliyotengenezwa kwa ajili ya mahali penye dawa kidogo na umeme wa kubahatisha. Mwaka 2006 ilianza kufanya kazi Eldoret, na mwaka huohuo ikafika Rwinkwavu, mashariki mwa Rwanda. Baadaye ikasambaa katika nchi nyingi za dunia.

Mimi nikisoma hayo najisikia fahari, sitawaficha. Mara nyingi vitu vya kompyuta vinatufikia vimechakaa, vimetengenezwa kwa watu wengine. Hiki kilikatwa kwa kipimo chetu.

Mwanzoni mwa 2019, kampuni ya usalama iitwayo Bishop Fox ilitangaza udhaifu uliopewa namba CVE-2018-19276. Kipande cha OpenMRS kinachoongea na programu nyingine kilikuwa kinapokea maandishi ya XML na kuyapanda kwa kutumia XStream, bila kuuliza kwanza anayetuma ni nani. Hakuna jina la mtumiaji, hakuna nenosiri. Mtu yeyote anayeweza kuifikia ile mashine kwa mtandao aliweza kutuma maandishi yake, na mashine ikatekeleza amri. Dawa ilitolewa, kipande kile kikasahihishwa katika toleo lake la 2.24.0.

Angalieni mahali penyewe lilipokaa kosa. Halikukaa pale daktari anapoandika, wala kwenye labo. Lilikaa kwenye mlango wa mkalimani, ule uliowekwa kwa nia njema ili mifumo isaidiane.

Mara ya pili, na mara ya pili tena

Ungesema: basi, dunia imesikia. Agosti 2021 hata wenyewe wa XStream, katika toleo 1.4.18, waligeuza desturi yao: tangu siku hiyo, kitu ambacho hakikuruhusiwa kwa jina hakipandwi. Neti ikatundikwa kiwandani.

Lakini katikati ya mwaka 2023 watafiti wa IHTeam walionyesha kwamba Mirth Connect, yule mkalimani wa hospitali, ana ugonjwa uleule: XStream, XML, hakuna nenosiri, amri inatekelezwa. Namba ikawa CVE-2023-37679. Wenye programu, kampuni ya NextGen Healthcare, wakatoa toleo 4.4.0 wakisema limepona. Dawa yao ilikuwa orodha ya vitu vinavyokatazwa: hiki kisipandwe, na hiki, na hiki.

Watu wa kampuni nyingine, Horizon3.ai, walikaa wakaisoma ile dawa. Wakajiuliza swali ambalo kila mkulima anajiuliza mbele ya magugu: na yale ambayo hayako kwenye orodha? Wakapata mnyororo mwingine ambao orodha haikuutaja. Oktoba 2023 ikatoka namba mpya, CVE-2023-43208, yenye ukali wa 9.8 kwa kipimo kinachoishia 10. Na tofauti na ilivyosemwa mwanzoni, kwamba shida ni ya Java 8 na za zamani tu, walionyesha kwamba toleo la Java halikuokoa mtu. Wakati ule mashine zaidi ya elfu moja za Mirth Connect zilikuwa zinaonekana moja kwa moja kwenye intaneti, kama mtu aliyeweka kabati ya mafaili ya hospitali kando ya barabara.

Toleo 4.4.1 ndilo lililoponya, na lilivyoponya ndiyo kitu nataka mkikumbuke hata mkisahau namba zote. Waliacha orodha ya vinavyokatazwa, wakaandika orodha ya vinavyokubaliwa. Visivyo ndani, havipiti.

Hata hivyo, tarehe 20 Mei 2024, shirika la Marekani la usalama wa mitandao, CISA, liliuweka udhaifu huo kwenye orodha ya zile ambazo imethibitika watu wabaya wanazitumia, likazipa ofisi za serikali yao hadi 10 Juni kuwa zimetengeneza. Hesabuni wenyewe: dawa ilitoka Oktoba, na miezi saba baadaye bado kulikuwa na mashine hazijanywa.

Katalogi ya mbegu

Wasomi wa agronomi hapa wanajua kwamba nchi yetu ina SENASEM, huduma ya taifa ya mbegu, na kwamba kuna katalogi ya aina za mimea zinazokubaliwa. Hakuna mtu aliyekaa akaandika kitabu cha mbegu zote mbaya duniani. Kitabu hicho kisingeisha, juu kila msimu unaleta ugonjwa wake. Waliandika zile zilizojaribiwa na kukubaliwa. Kama mbegu yako haimo, kwanza uipeleke ipimwe.

Mimi nilisoma hayo darasani nikaona ni urasimu. Leo naona ni hekima ambayo waandishi wa programu waliilipia bei kubwa. Kuanzia 2013 walijua mlango uko wazi. Kwa miaka kumi walikuwa wanafukuza mwizi mmoja mmoja kwa jina.

Lakini historia hii ina upande mwingine, na huu unatuhusu sisi zaidi kuliko wao. Kila mara dawa ilitoka. Waliotengeneza OpenMRS walitengeneza haraka. Mirth pia ilitengenezwa. Kinachobaki ni safari ya dawa kutoka mahali ilipotolewa hadi kwenye mashine moja, ndani ya ofisi moja, kwenye mji ambao umeme unakuja saa nne usiku. Mradi unakuja na pesa za miaka miwili, unaweka serva, unafundisha vijana, unapiga picha na bango, unakwisha. Serva inabaki inawaka. Majina yanabaki ndani. Aliyejua kuitunza amekwisha kupata kazi Bujumbura au Goma. Mfumo uliosimikwa na kuachwa ni kama shamba la majaribio lisilo na mwenyewe: bango bado limesimama, na magugu yamelipita urefu.

Ndiyo maana nasema hili si jambo la watu wa informatiki peke yao. Wanaoandika majina ni sisi: agronomi, wauguzi, watu wa maendeleo ya vijijini, wanafunzi wanaotafuta pesa ya minervali. Basi, kabla ya kushika tablete, tuulize maswali manne. La kwanza, nani atatunza hii mashine mradi ukiisha, na siku gani majina yatafutwa? La pili, kila swali kwenye foromu lina kazi gani? Kama msaada ni mbegu za maharagwe, idadi ya ng'ombe ya nini? Kisichoandikwa hakiibiwi. La tatu, ile mashine ya katikati, mkalimani, inaonekana kutoka barabarani, au imekaa ndani ya uzio? Na la nne, siku ikiingiliwa, nani atapanda mlima kuwaambia wenye majina?

Hilo la nne ndilo langu.

Nilipanda tena baadaye, si kwa kazi ya mtu, kwa msiba wa jamaa. Nilimkuta yule mama nje, anachambua maharagwe kwenye ungo. Nikamsalimia, nikakaa chini, nikamweleza. Nilimwambia kwamba siku ile nilimjibu bila kujua, kwamba orodha iliingiliwa, kwamba niliambiwa na sikurudi, na kwamba mara ya pili niliandika tena majina yaleyale nikiwa ninajua. Nilijaribu kumweleza ya mbegu na mlango. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono yake inaendelea.

Kisha akauliza: "Na ya kwako jina, iko mule ndani?"

Nikafikiri. Sisi tulioandika, majina yetu hayakuwa sehemu ya orodha. "Hapana, mama. Ya kwangu haiko."

Akaitika kwa kichwa, kama mtu aliyepata kipande kilichokuwa kinakosa. Akaendelea na maharagwe yake, mabaya huku, mazuri kule.

Wandugu, wale mnaofanya kazi ya kuandika majina ya watu, msomapo hii fikirini foromu yenu ya mwisho. Je, mngekubali jina la mama yenu liwe la kwanza kwenye ile orodha?